Kabla Hujaumia Kazini: Mambo ya Kuweka Sawa Mapema

Mfanyakazi wa Tanzania Bara, awe wa serikalini au wa kampuni binafsi, ana haki ya fidia akiumia au akiugua kwa sababu ya kazi. Anayelipa ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2008 na kuanza kazi Julai 2015. Si lazima uthibitishe kwamba bosi alizembea. Unachotakiwa kuthibitisha ni kwamba wewe ni mwajiriwa, kwamba uliumia ukiwa kazini, na kwamba mshahara wako ni kiasi fulani. Ushahidi wa mambo hayo ni rahisi kuupata ukiwa mzima kuliko ukiwa umelazwa.

Anza na jina lako. Mwajiri anapaswa kujisajili kwenye Mfuko na kuchangia kila mwezi asilimia 0.5 ya mishahara anayolipa. Fedha hiyo inatoka mfukoni mwake. Ukiona kwenye salari slipu umekatwa chochote kwa ajili ya WCF, uliza, kwa sababu sheria haimruhusu kukukata. Nenda ofisi ya utumishi uulize kama kampuni imesajiliwa na kama umo kwenye orodha inayopelekwa. Ni swali la kawaida kabisa, wala huhitaji kuliogopa.

La pili ndilo linaloumiza watu wengi: kiasi cha mshahara. Ukiwa hujiwezi kwa muda, Mfuko hulipa asilimia 70 ya mshahara wako wa mwezi, kwa muda usiozidi miezi 24. Chukua mtu anayepokea shilingi 600,000. Stahili yake ni 420,000 kwa mwezi. Sasa mwajiri akiwa ameandika 300,000 kwenye karatasi na nyingine anampa mkononi, hesabu inayoonekana ni 210,000. Wafanyakazi wengi hukubali mpango huo kwa sababu kodi inapungua, na mwezi ukiisha wanafurahi. Mimi naona hakuna mkataba mbaya kuliko huo. Ulemavu wa kudumu nao hukokotolewa kwa mshahara uleule: daktari akipima ulemavu wako kuwa asilimia 30 au chini yake unalipwa kwa mkupuo, ikizidi hapo unalipwa pensheni ya kila mwezi. Mshahara ulioandikwa pungufu leo unaweza kukufuata maisha yako yote.

Kwa hiyo tunza nakala ya mkataba na salari slipu nyumbani, si kwenye kabati la kazini. Kibarua na saidia fundi ndio wanaobaki mikono mitupu zaidi, kwa kuwa wengi hawana karatasi yoyote. Kama unalipwa kwa siku, omba malipo yapitie kwenye simu, na ujumbe wa muamala usiufute. Piga picha ukurasa wa daftari la mahudhurio wenye jina lako. Kitambulisho cha NIDA na mkataba viwe na majina yanayofanana herufi kwa herufi, maana tofauti ndogo tu inaweza kukuzungusha wiki nzima.

Wanaofanya kazi kwenye vumbi la migodi, kelele za mashine au kemikali waangalie pia upimaji wa afya wakati wa kuanza kazi. Omba nakala ya majibu yako. Masikio yakipungua nguvu miaka kadhaa baadaye, karatasi hiyo ndiyo itakayoonyesha kwamba uliingia ukiwa unasikia vizuri.

Halafu jua siku ya ajali utafanya nini. Msimamizi apewe taarifa siku hiyohiyo, na kwa maandishi, hata kama ni ujumbe wa simu: saa ngapi, mashine gani, kidole kipi, nani alikuwepo. Mwajiri akishajua, ana siku saba za kuupelekea Mfuko taarifa. Hospitali, sema wazi kwamba umeumia kazini, na hakikisha daktari ameandika hivyo. Mtu akitoa kadi ya bima ya afya na kunyamaza, faili lake linasomeka kama la mgonjwa mwingine yeyote, na kulirekebisha baadaye ni kazi. Ikiwa ni ajali ya barabarani ukiwa umetumwa na ofisi, chukua PF3, fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi, na uwe na chochote kinachoonyesha kwamba ulitumwa. Risiti za dawa na nauli zisipotee.

Kuna wanaoambiwa, "Tulia, tutamalizana wenyewe," wanapewa laki mbili za kujiuguza, na madai hayapelekwi. Ukipokea msaada wa mwajiri, pokea, ila dai lako liendelee. Haki ya kudai ina mwisho: miezi 12 tangu ajali itokee.

Familia nayo ijue. Mfanyakazi akifariki kwa ajali ya kazi, Mfuko hutoa msaada wa mazishi na kuwalipa wategemezi, wakiwemo mwenza na watoto. Cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto vitahitajika, na wengi hukuta kwamba mtoto wa darasa la tano hajawahi kuchukuliwa cheti. Kifuatilie RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, mwezi huu, kisha mwonyeshe mwenzako bahasha yenye karatasi hizi zote ilipo na umtajie jina la kampuni kama lilivyoandikwa kwenye mkataba.