Mambo ya kuzingatia kabla hujakisia idadi ya gololi ndani ya chupa

Shindano hili lipo kwenye mahafali, harambee na maonyesho ya shule: chupa kubwa ya kioo imejazwa gololi, unalipa kiingilio, unaandika namba, na atakayekaribia zaidi anachukua zawadi. Wengi hutaja namba yoyote inayowajia kichwani. Lakini jibu hili linakaribika kwa hesabu ya darasa la saba, mradi ujiandae kabla hujafika mezani.

Anza na gololi yenyewe, maana hapo ndipo watu hupotea zaidi. Ukiona gololi ni za kawaida za dukani, nunua kumi za aina hiyohiyo, zipange kwenye mstari zikigusana kando ya rula, kisha gawa urefu kwa kumi. Usipime moja peke yake. Tuseme umepata kipenyo cha milimita 16. Gololi hiyo ina ujazo wa mililita 2.14 hivi. Ungekosea milimita moja tu ukasema 15, ungepata mililita 1.77. Kwenye chupa ya lita 5, hata ukishatoa nafasi ya hewa kama tutakavyoona mbele, kosa hilo dogo linakuongezea gololi karibu 300 ambazo hazimo. Sababu ni kwamba kwenye hesabu ya tufe kipenyo huzidishwa chenyewe kwa chenyewe (kipenyo × kipenyo × kipenyo), kwa hiyo kosa nalo huzidi kila hatua.

Chupa nayo ina mitego yake. Ukiruhusiwa kuigusa, zungusha uzi tumboni mwake, pima uzi huo kwa rula, gawa kwa 3.14, utapata kipenyo cha nje. Lakini gololi zinakaa ndani. Chukua chupa yenye mzingo wa sentimita 50 na kina cha sentimita 28: ukihesabu kwa kipenyo cha nje unapata lita tano na nusu, ukitoa unene wa kioo wa milimita 4 kila upande unabaki na lita 5 tu. Unene huo usiukadirie kwa kutazama ubavuni. Kioo kinene cha mviringo hupindisha mwanga, na vilivyomo huonekana vimetanuka hadi karibu na ukingo wa nje, kana kwamba kioo hakina unene kabisa. Utazame mdomoni, kwa juu. Halafu angalia kitako, kwa sababu chupa nyingi zimebonyea kwa chini kuelekea ndani, na mabega yake hupungua kabla ya kufika shingoni. Pia namba iliyoandikwa kwenye lebo ya chupa inahesabu mpaka alama ya kujazia, si mpaka ukingoni.

Ukikatazwa kugusa, hesabu gololi zinazoonekana kutoka chini hadi juu kwenye msimamo mmoja, kisha zile zinazozunguka chupa upande unaouona. Hapo gololi yenyewe ndiyo rula yako.

Sasa hewa. Hili ndilo watu hulisahau kabisa: wanagawa lita 5 kwa mililita 2.14, wanapata zaidi ya 2,300, na wanaandika hivyo kwa uhakika mkubwa. Matufe hayajazi nafasi. Hata yakipangwa kwa ustadi wote, kama machungwa ya muuza matunda yanavyopangwa piramidi, hayavuki asilimia 74 ya nafasi. Mwanaastronomia Mjerumani Johannes Kepler alilisema hilo mwaka 1611, na uthibitisho wake ukasubiri hadi 1998, alipoutangaza mwanahisabati Mmarekani Thomas Hales. Gololi zilizomiminwa tu hukaa kwenye asilimia 60 hivi, na zikitikiswa vizuri hufika karibu 64. Kwa chupa yetu, asilimia 60 inatoa gololi 1,400. Punguza kidogo tena, kwa sababu kando ya kioo gololi hazishikamani vizuri na huacha mapengo. Kadiri chupa inavyokuwa nyembamba ukilinganisha na gololi, ndivyo mapengo hayo yanavyokula nafasi. Mimi hapo ningeandika kati ya 1,300 na 1,400.

Usiamini asilimia hizi kwa sababu tu nimeziandika. Zijaribu nyumbani. Chukua chombo cha lita moja, kijaze gololi hadi ukingoni, kisha mimina maji kwa kikombe cha kupimia mpaka yafike juu. Yakiingia mililita 400, hewa ilikuwa asilimia 40. Jaribio hili lina thamani kuliko kanuni yoyote, hasa kwa vitu visivyo duara, ambavyo kanuni ya tufe haivifai. Pipi bapa zenye umbo la dengu hubanana zaidi kuliko gololi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, waliopima mwaka 2004 walipata karibu asilimia 68 bila kuzipanga. Pipi zilizofungwa kwa karatasi ya kusokotwa ncha mbili ni kinyume chake, masikio yale ya karatasi yanazisukuma mbalimbali.

Kwa nafaka na mbegu achana na vipimo vya urefu, tumia mizani. Hesabu punje 100 za maharage, zipime, kisha kadiria uzito wa vilivyomo kwenye chupa. Ndivyo biashara ya korosho inavyofanya: daraja la W320 maana yake ni kokwa nzima zisizozidi 320 katika ratili moja, yaani takriban 700 kwa kilo. Umbo la korosho lilivyopinda, sioni njia nyingine ya uhakika.

Kama mnashiriki kama kundi, darasa au familia, kila mtu aandike namba yake kimyakimya kabla ya kusikia ya mwenzake, halafu mtafute wastani. Jack Treynor, aliyekuwa akifundisha fedha Marekani, aliandika mwaka 1987 kuhusu chupa ya pipi 850 aliyowaonyesha wanafunzi 56: wastani wao ulikuwa 871, na ni mmoja tu kati yao aliyekaribia kuliko huo wastani. Namba ya kwanza ikitajwa kwa sauti, wengine huivuta yao kuelekea kwake, na faida hiyo inapotea.

Kwa anayeandaa shindano, nakusihi uhesabu wakati wa kujaza, si baada ya kutoa matokeo. Watu wawili wazihesabu kwa makundi ya mia mia, namba iingie kwenye bahasha iliyofungwa na kusainiwa, kifuniko kizibwe kwa gundi ya karatasi. Tangazeni mapema kama namba iliyozidi jibu inakubalika na kama waliofungana watagawana zawadi au atapewa aliyeandika kwanza. Watoto wanaolipa kiingilio wanastahili kujua hayo kabla ya kutoa hela yao.

Na ukishafikia kadirio lako, usiandike 1,350. Namba zinazoishia na sifuri huandikwa na wengi, na mkifungana zawadi inagawanywa. Andika 1,347.