Rangi baadaye: jinsi ya kusoma na kunyoosha tumbo la haidropleni ya zamani

Haidropleni ndogo za miaka ya 1950, yaani boti za mbio zinazoteleza juu ya uso wa maji, bado zimejaa kwenye magereji ya Marekani, nyingine zimening'inizwa darini, nyingine zimelala chini ya turubai. Huku Seattle ninakofanyia useremala, mtu akiuza nyumba ya wazee wake, moja huibuka. Swali la kwanza huwa ni rangi: zile namba za ubavuni zitarudi? Nami hujibu kwamba rangi ina wakati wake. Boti ya aina hii inategemea sentimita sitini za mwisho za tumbo lake, na hizo zikipinda hata kidogo, vanishi ya bei yoyote haitakusaidia.

Hapa nazungumzia boti za mbao za futi 10 hadi 12, zenye injini ya kupachika nyuma, dereva akipiga magoti ndani. Zile kubwa za injini za ndege, kama Slo-mo-shun IV iliyopita maili 160 kwa saa kwenye Lake Washington mwaka 1950, ni kazi nyingine na ni pesa nyingine.

Hatua ya 1: Ipindue uijue ni ya zama gani

Ukikuta kipandio kimoja kama cha ngazi kinachokata tumbo kutoka ubavu hadi ubavu, una boti ya miaka ya 1920 au 1930. Wakati huo watu walishindana katika Mto Hudson kutoka Albany hadi New York kwa boti za namna hiyo. Usiipitishie randa. Piga picha, pima, kisha zungumza na watu wa makumbusho. Hapa kwetu yako Kent, nje kidogo ya Seattle, na ni ya boti za mbio tu.

Ukikuta sponsoni, yaani vile viatu viwili vilivyojitokeza mbele kushoto na kulia, hiyo ni boti ya nukta tatu. Umbo hilo lilishika kasi mwishoni mwa miaka ya 1930 kutoka karakana ya Ventnor, New Jersey, ya Adolph Apel na mwanawe Arno. Boti ikishashika kasi na kuinuka, inagusa maji sehemu tatu tu: ncha za nyuma za sponsoni mbili, na kule nyuma kabisa kwenye rafadha, lile panga linaloisukuma boti. Katikati hapo hewa inaingia, inabanwa chini ya tumbo na kulibeba. Kwa hiyo unachokarabati ni nusu boti, nusu bawa. Na pua ikiwa imekatwa katikati, sponsoni zikatangulia mbele kama pembe mbili, hilo ni umbo lililoenea baadaye, miaka ya 1970.

Nyingi ninazoletewa ni za kati ya hapo. Baada ya vita kuu ya pili lilianzishwa daraja la mbio ambalo injini ilipaswa kubaki kama ilivyotoka kiwandani. Watengeneza injini Mercury wakauza KG-7, kisha Mark 20H, injini ya inchi za ujazo 20, kama sentimita za ujazo 325 hivi. Kila mtu ana injini ileile, sasa utamshinda jirani yako kwa nini? Kwa tumbo la boti, kwa rafadha, na kwa namna unavyosogeza mwili wako. Ndiyo maana waundaji boti kama Sid-Craft wa New Jersey, Swift wa Florida na DeSilva wa California walikuwa na wafuasi wao, na ubishi wao haujaisha hadi leo. Wengine walijijengea boti wenyewe gerejini kwa michoro ya mbunifu wa boti Hal Kelly. Hizi za gereji usizidharau. Nimeona za mikono ya baba na mwana zilizonyooka kuliko za karakana.

Hatua ya 2: Ilaze, uiache ipumzike

Boti iliyoning'inia kwa kamba mbili miaka mingi imejipinda. Ilaze kifudifudi juu ya stendi mbili zilizosawazishwa kwa pimamaji, na uiache hivyo siku kadhaa kabla ya kupima chochote. Kisha chukua mbao mbili zilizonyooka, zenye urefu sawa. Moja ilaze kukatiza tumbo kule tezi, yaani mwisho wa nyuma wa boti, nyingine ilaze juu ya sponsoni zote mbili. Rudi nyuma, chuchumaa, fumba jicho moja, ulinganishe kingo za juu za mbao hizo. Zikienda sambamba, mwili haujasokoteka. Upande mmoja ukipanda, kwanza angalia stendi zako.

Hatua ya 3: Gonga

Tumia mpini wa bisibisi. Plaiwudi nzima inalia, iliyooza inajibu kibubu. Gonga zaidi pembe ambapo ubao wa tezi unakutana na tumbo, kwa sababu boti ikihifadhiwa vibaya maji ya mvua hukusanyika hapo. Sisi tuliofunzwa randa pwani tumezoea maji ya chumvi, ambayo kwa kiasi fulani huhifadhi mbao. Haya ya ziwa hayana huruma hiyo.

Chunguza na gundi. Mistari ya rangi nyekundu iliyoiva, karibu na nyeusi, ni gundi ya resosinoli, na mara nyingi bado imeshika. Gundi ya unga wa kukoroga na maji, ya rangi ya maziwa ya chai, huzeeka ikawa kama kioo: ingiza kisu chembamba kwenye kiungo, ikidondoka vipande vinavyong'aa, kiungo hicho kifunguliwe chote. Pale pezi la kona linapofungwa pia paangalie vizuri. Mbio hizi hukata kona kushoto, na pezi ndilo linaloizuia boti isiteleze kwenda nje, kwa hiyo mbao zinazolishikilia hupata tabu kila kona.

Boti za huku kwetu zina jambo moja la ziada. Hadi mwaka 1976 kulikuwa na mbio za Sammamish Slough, mfereji mwembamba wenye kona nyingi, kutoka Lake Washington hadi Lake Sammamish na kurudi. Waliokosa kona walipanda ukingoni na boti zao. Ukikuta viraka chini ya sponsoni, usishangae, na kama vimeshika usiving'oe. Mzee mmoja mteja wangu alinikataza kabisa kugusa kiraka chake. Nilimwelewa.

Jambo moja la afya: rangi za zamani huenda zina madini ya risasi. Piga msasa wa maji, vaa barakoa, na watoto wasikae karibu.

Hatua ya 4: Rula na mwanga

Hapa ndipo penye kazi. Tafuta rula ya chuma au ya alumini ya urefu wa mita moja, ambayo una hakika imenyooka. Ondoa rangi kwenye sentimita sitini za mwisho za tumbo, kisha simamisha rula kwa ukingo wake, kutoka ukingo wa tezi kuelekea mbele. Weka taa upande wa pili, uiname hadi jicho lilingane na mbao. Mwanga utapenya palipo na shimo.

Mwanga ukipenya katikati huku ncha zote mbili za rula zikigusa, tumbo limebonyea na ukingo wa tezi umeshuka kama ndoana. Mwendoni maji yanaupiga ukingo huo, yanainua nyuma, na pua inainama. Boti inalima maji na kasi haipatikani. Rula ikicheza juu ya kilima, ikigusa katikati na kuacha nafasi nyuma, maji yanayopita pale yanalivuta tumbo chini, pua inapanda, inaanguka, inapanda tena. Dereva atasema inarukaruka kama pomboo.

Kipimo changu ni kadi ya benki, ambayo unene wake haufiki milimita moja. Isipopita chini ya rula, jaza kwa gundi ya epoksi iliyokorogwa nzito na unga wa kujazia. Bandika gamutepu ya plastiki kwenye rula ili isigande, kokota epoksi kwa rula hiyohiyo kutoka mbele kwenda nyuma, iache ikauke, halafu piga msasa kwa ubao mrefu. Usitumie mashine ya msasa ya kuzunguka, itakuchimbia mabonde mapya. Kadi ikipita kwa ulaini, epoksi si dawa. Mifupa ya ndani imehama, kwa hiyo toa plaiwudi ya nyuma, nyoosha fito, weka plaiwudi mpya ya unene uleule.

Hatua ya 5: Sponsoni

Pima pembe ya chini ya kila sponsoni ukilinganisha na tumbo. Nilizopima nyingi ziko kati ya nyuzi 2 na 4, ila kulingana kwa kushoto na kulia kuna uzito kuliko namba yenyewe.

Hatua ya 6: Kingo ziwe kali

Kila aliyeimiliki boti ameongeza koti la rangi, na kila koti limeviringisha ukingo kidogo. Ukingo wa nyuma wa sponsoni na wa tezi unapaswa kukata ukucha. Ukiwa wa mviringo, maji hayaachi, yanajikunja kufuata mbao na kuivuta boti chini. Jenga kona kwa epoksi, kisha inoe kwa kibao cha msasa. Tumbo lenyewe lipakwe koti jembamba, limalizie kwa msasa wa maji namba 400. Kung'aa acha kwa sitaha.

Hatua ya 7: Majini

Vaa jaketi la kuokolea la kisasa na helmeti. Yale ya zamani yaliyojazwa sufi (kapoki) yaache ukutani. Mpini wa mafuta ni ule wa kubana kwa mkono wa kushoto, ukiuachia unarudi kwa springi. Ubane mara ishirini nchi kavu uhakikishe haukwami, na uongeze kamba ya kuzimia injini hata kama zamani haikuwepo. Hizi boti zinapita maili 50 kwa saa na hewa ipo chini yako: pua ikipanda mno, inapinduka kinyumenyume.

Anza na injini imekaa chini, ekseli ya rafadha ikiwa ndani vya kutosha. Kimbia mstari ulionyooka, rudi, pandisha milimita tano, rudia. Kila ukipandisha, hakikisha maji ya kupooza bado yanatoka. Siku rafadha inapoanza kupayuka kwenye kona na kukosa kushika, shusha milimita tano, kaza boliti, na andika urefu huo kwa penseli ndani ya ubao wa tezi pamoja na namba ya rafadha uliyotumia. Rafadha nyingine itataka urefu wake.