Namna ya kuchagua picha ya dikteta aliyekamatwa

Oktoba 2011 nilikuwa zamu ya usiku kwenye meza ya picha, gazetini Dar es Salaam, picha za Gaddafi zilipoanza kumiminika kutoka Sirte. Nilichagua yenye damu nyingi usoni, nikaitandaza ukurasa wa mbele. Asubuhi nikamkuta mzee muuza magazeti wa Mnazi Mmoja amelilaza gazeti letu kifudifudi. "Mwanangu," akaniambia, "maiti husitiriwa." Sikuwa na jibu. Vijana wanaoanza kazi kwenye meza ile huwa nawafundisha hivi.

Kabla hujaikuza picha, jiulize aliyeitoa alitaka nini. Video ya Saddam Hussein ya Desemba 2003 ilitolewa na Wamarekani waliomshika: daktari mwenye glavu anampekua nywele, kisha anammulika kinywani. Kadinali Renato Martino wa Vatikani alisema alimwonea huruma, kwa kuwa alikaguliwa meno kama ng'ombe. Na Mkataba wa Tatu wa Geneva wa 1949, kifungu cha 13, unataka mateka wa vita alindwe dhidi ya matusi na udadisi wa watu. Basi chukua pale anapotazama kamera, acha pale penye vidole mdomoni. Simaanishi umpambe. Pingu usizifute, wala ndevu zake chafu. Hiyo ni habari. Ila picha zake akiwa na chupi, zilizochapishwa na The Sun Mei 2005, mimi nisingeziweka hata ukurasa wa ndani.

Maiti ndiyo mtihani mkubwa. Kule Misrata mwili wa Gaddafi ulilazwa kwenye chumba cha baridi cha kuhifadhia nyama, watu wakapanga foleni na simu mkononi. Siwalaumu. Aliyechukuliwa kaka yake akapelekwa gereza la Abu Salim, Tripoli, enzi za Gaddafi ana haki ya kujua kwa hakika kwamba yule mtu amekufa. Lakini kwa hilo inatosha picha moja, ndogo, ndani, yenye onyo. Wafungwa waliouawa Abu Salim Juni 1996 wanakadiriwa kufika 1,200. Mama zao walitaka kuambiwa nani alitoa amri na wanao wamezikwa wapi. Mtu wa kuulizwa hayo kizimbani aliuawa siku ileile aliyokamatwa, nami nikaishangilia siku hiyo kwa rangi ukurasa wa kwanza. Hilo linaniuma hadi leo.

Maelezo ya chini ya picha yawe makavu: jina, tarehe, anashikiliwa wapi, anatuhumiwa nini. Hajahukumiwa? Andika mtuhumiwa, hata kama mtaa mzima umeshamhukumu.

Halafu tafuta waliodhulumiwa. Hissène Habré, rais wa zamani wa Chad, alipofikishwa mahakamani Dakar, Senegal, Julai 2015, walinzi walimwingiza kwa nguvu, yuko kwenye kanzu na kilemba cheupe. Picha hiyo niliikubali: amevaa nguo zake, ana mawakili, na nguvu inatumika ili akae asikilize mashahidi. Alihukumiwa kifungo cha maisha tarehe 30 Mei 2016. Siku hiyo nilimweka kando ya Souleymane Guengueng, aliyefungwa zaidi ya miaka miwili enzi za Habré na alipotoka akakusanya ushuhuda wa wahanga 792. Guengueng nilimpa safu tatu, Habré mbili.