Matokeo ya fom foo yakitoka, yasome hivi kabla hujenda kikao cha wazazi

Wazazi wenzangu wa Pemba, kila mwaka matokeo yakitoka tunarushiana skrinshoti wasap, tunapongezana, halafu kikao kikiitwa tunaambiwa skuli imefaulu asilimia 80, tunapiga makofi tunarudi majumbani. Na mimi nilipiga makofi, mpaka mwanangu alipopata divisheni foo, nikaambiwa amefaulu, lakini kidato cha tano haendi. Iliniuma khasa. Hapo ndo nikakaa kujifunza kuyasoma.

Ingia tovuti ya NECTA, yaani Baraza la Mitihani la Tanzania, fungua matokeo ya CSEE, ndo huo mtihani wa fom foo, chagua mwaka, tafuta skuli yenu. Usikimbilie majina ya watoto, tafuta vile vijedwali. Cha kwanza ni cha divisheni, kuna I, II, III, IV na 0, wasichana na wavulana mbali mbali. Tuseme watoto 100 wamefanya, 15 wamepata I mpaka III, 65 wamepata IV na 20 zero. Skuli "imefaulu 80" kweli, lakini wale 65 wana pointi 26 kwenda juu na kwa kawaida kidato cha tano hawafiki. Kwahiyo namba ya kuuliza ni ile 15.

Halafu safu ya REG na SAT, yaani walioandikishwa na waliofanya mtihani. Zikiachana, uliza hao watoto wako wapi. Kwetu huku msimu wa karafuu mtoto huanza kukosa siku mbili tatu, mara hajarudi tena.

Kisha njoo kwenye masomo, na hapa wengi tunakosea: GPA ya NECTA, yaani wastani wa alama za somo, ikiwa ndogo ndo nzuri, 1 ni A na 5 ni F. Nimeshaona watu wanafurahi hesabati imetoka 4.2 imefika 4.6, wakati imeshuka!

Chukua karatasi moja, andika namba hizo za miaka mitatu ya skuli yenu hiyo hiyo. Usiilinganishe na skuli zinazochukua watoto waliochaguliwa, sio haki kwa walimu wetu, na hata NECTA tangu Januari 2023 wameacha kutangaza skuli kumi bora.

Karatasi hiyo mpelekee mwalimu mkuu siku mbili kabla ya kikao, tena kwa salamu na heshima, usimvizie mbele za watu, mana mara nyengine na yeye anahangaika, ana mwalimu mmoja wa hesabati madarasa manne na ombi lake la kuongezewa limekaa tu. Kwenye kikao uliza somo moja tu, lile lililo baya zaidi: walimu wangapi, vipindi vingapi kwa wiki, na mkondo wa mchana vinapotea vingapi. Sisi tulivyouliza hivyo tukagundua fizikia haikuwa na mwalimu mihula miwili na hakuna mzazi aliyeambiwa.

Jibu lolote mtakalopewa liandikwe kwenye muhtasari, nani atafanya nini na mpaka tarehe ngapi, kamati ya skuli ibaki na kopi. Tarehe ikipita kimya, kamati iende na muhtasari huo kwa afisa elimu wa wilaya, mkono kwa mkono, na mbaki na kopi iliyogongwa muhuri.

Na kikao kinachofuata, kabla ya michango na ajenda nyengine zote, mmoja wenu anyanyuke aanze na hili: "Mwalimu, mara iliyopita tulikubaliana hivi, imefikia wapi?"