Somo: Kuchagua uzito wa Q na R kwenye LQR

Kubahatisha namba za Q na R kunakula siku nzima, na mwisho hujui ipi imefanya nini. Anza na vipimo vya mfumo wako.

LQR (Linear Quadratic Regulator) ni njia ya kukokotoa amri za mota. Hupunguza jumla ya x'Qx + u'Ru kwa muda wote: x ni hali ya mfumo (hapa kosa la nafasi na kasi), u ni amri ya mota. Q inaadhibu kosa la hali, R inaadhibu matumizi ya mota. R lazima iwe chanya. Ukiiweka sifuri hesabu inavunjika.

Hatua ya 1. Andika mipaka unayoivumilia, pamoja na vizio. Tuchukue kigari kwenye reli: nafasi isipotoke zaidi ya mita 0.1, kasi isizidi 0.5 m/s, mchapuko, ambao ndio amri ya mota, usizidi 2 m/s².

Hatua ya 2. Tumia kanuni ya Bryson: uzito ni 1 gawanya kwa mraba wa kikomo. Nafasi (q1) 100, kasi (q2) 4, mota (r) 0.25. Weka q1 na q2 kwenye ulalo wa matriki Q, kwingine sifuri; R hapa ni r peke yake.

Hatua ya 3. Kokotoa K, yaani vizidishi k1 na k2 vya amri: u = −(k1 × kosa la nafasi + k2 × kasi). Bila msuguano, k1 = √(q1/r) = 20, na k2 = √(q2/r + 2k1) = √56, yaani 7.48. Kigari kikianza kimesimama mita 0.1 kutoka shabaha, amri ni 2 m/s² kamili. Kikianza mita 0.3, amri ni 6, na mota haina nguvu hiyo. Hapa ndipo wengi huumia: R hupunguza tamaa ya mota, haiwekei kikomo. Kikomo kiweke mwenyewe kwenye simulesheni tangu mwanzo.

Hatua ya 4. Rekebisha uzito mmoja kwa wakati, kwa kuzidisha mara 2, 4 au 10. R ikipanda mara 4, k1 inashuka hadi 10 na k2 hadi 4.9: mota inapumua, kigari kinachelewa.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, nimezidisha Q na R zote kwa 10, mbona K ni ileile?*
Kinachohesabika ni uwiano wa Q kwa R. Badilisha upande mmoja.

*Kigari kinapitiliza shabaha. Niongeze q1?*
Hapana, utazidisha tatizo. Ongeza q2: ikiwa 16, k2 inafika 10.2 na kupitiliza kunaisha. Ila kwa kigari hiki LQR kwenye karatasi haipitilizi zaidi ya takriban 4%. Kikiyumba sana, acha uzito kwanza. Kagua ucheleweshaji wa kihisi na mota iliyofika kikomo.

*Changu kinatulia sentimita 2.5 pembeni, hakisogei tena.*
Pengine reli imeinama. Msukumo wa kudumu wa 0.5 m/s² ukigawanywa kwa k1 ya 20 unatoa mita 0.025 hizohizo. Kuongeza q1 kutapunguza kosa bila kulimaliza. Ongeza hali ya tatu, jumla ya kosa la nafasi kwa muda, uipe uzito mdogo kwanza, na usimamishe ujumlishaji mota inapofika kikomo.