Novena ya Wafiadini wa Uganda kwenye jumuiya: anzeni tarehe 25 Mei

Sikukuu ya Karoli Lwanga na wenzake, wafiadini Wakatoliki 22 wa Uganda, ni tarehe 3 Juni, kwa hiyo novena, yaani sala ya siku tisa, huanza jioni ya 25 Mei na kuisha 2 Juni. Jumuiya zinazoanza tarehe 26 hujikuta siku ya tisa ndiyo sikukuu yenyewe. Watu wako parokiani, na sala ya mwisho haisaliwi.

Msisome maisha ya wote 22 siku ya kwanza. Mwaka 1886 damu ilimwagika siku hizi hizi, basi fuateni tarehe. Jioni ya 25 ni ya Dionisi Ssebuggwawo, aliyekamatwa kwa kumfundisha mwenzake dini. Tarehe 26 ni Andrea Kaggwa na Ponsiano Ngondwe; 27 ni Atanasi Bazzekuketta na Gonzaga Gonza; 30 ni Matia Mulumba, aliyekatwa viungo akaachwa Kampala mpaka akakata roho; 31 ni Noe Mawaggali, mfinyanzi wa Mityana. Tarehe 28 mkumbukeni Yosefu Mukasa Balikuddembe, aliyetangulia kuuawa Novemba 1885, na 29 Yohane Maria Muzeyi, wa mwisho kuuawa, Januari 1887. Jioni mbili za Juni ni za wafungwa waliosubiri kuchomwa moto Namugongo, akiwemo Kizito, kijana wa miaka kama 14. Hapo wasomaji wawe watoto.

Mezani tandikeni kitambaa chekundu. Msalaba ukae katikati, picha ya mashahidi pembeni, tena chini kidogo ya msalaba. Nusu saa inatosha: wimbo, maisha ya shahidi kwa dakika tatu, Injili, kimya, nia (maombi ya watu), Baba Yetu, Salamu Maria, Atukuzwe, kisha litania. Kinachorefusha ibada ni nia. Chagueni watu watano tangu mchana, kila mmoja sentensi moja.

Angalieni sana maneno ya kuomba. Kwa mtakatifu tunasema “utuombee”. “Utuhurumie” ni kwa Mungu. Mtu akianza “Mtakatifu Kizito, niponye”, kiongozi amrekebishe kwa upole pale pale: “utuombee kwa Mungu atuponye.” Watakatifu tunawaheshimu, anayeabudiwa ni Mungu peke yake, na watoto hujifunza imani hiyo kwa kusikia wakubwa wanavyosali.

Jioni ya mwisho someni 2 Makabayo 7:1-2, 9-14 na Mathayo 5:1-12. Majirani Waanglikana nao wana mashahidi wao walioteketezwa Namugongo. Waalikeni jioni hiyo, na muwape taarifa wiki moja kabla ili nao waandae msomaji.