Mashini ya kuosha sahani inabakisha maji chini? Angalia filtri mbele ya kuita fundi

Unafungua mashini asubui, unakuta maji nyeusi inalala mule chini, inanuka sawa sombe ya juzi. Usikimbilie telefone. Kwa yaya yangu hapa Bukavu, mu Muhumba, siye tulikimbilia, fundi akakuya, akasikiliza dakika mbili tu akasema pompi imekufa, leteni franga ya kununua ingine. Pompi haikukufa.

Kwanza, maji kidogo sawa kikombe kimoja chini ya filtri ile ni kawaida, inabakiaka pale ju kaucu isikauke. Shida ni kama maji imefunika filtri yote. Na ujiulize kama usiku umeme ulikatika, ju SNEL ikikata katikati ya programu, mashini inasimama na maji yake mu tumbo, haina kosa yoyote. Umeme ikirudia, finya butoni ya kuanzisha segonde tatu ivi bila kuachia, kwa mashini mingi ile njo inafuta programu na maji inatoka yenyewe. Lakini kama ampule ya nyumba inawaka nyekundu-nyekundu ungoje kwanza, pompi haitapata nguvu.

Ikikataa, toa fishi mu prizi. Si kuzima tu, toa fishi kabisa, mukono yako itaingia mu maji. Chota na kikombe, ile inabaki uikamue na eponji mu ndoo. (Usiimwange ovyo, kama Regideso haijaleta maji inafaa mu choo.)

Sasa filtri. Ni kale ka kopo ka matundu-matundu pale chini kabisa, zungusha kushoto, vuta juu. Yetu tulivuta watu wawili, ndani mulikuwa bugali. Bugali ya muhogo ikipata maji ya moto inageuka gamu, inaziba kila tundu, na juu ya ile gamu majani ya sombe na bichwa bya sambaza biko bimepangwa muzuri sawa ku soko. Osha na maji ya moto, sabuni na broshi ya meno ya zamani, kisu hapana, itatoboa. Tangu ile siku yaya anakatalia mutu kuingiza sahani haijakwanguliwa, kuikwangua tu, haiombi kuoshwa kwanza, na mie naona hapo ana haki.

Filtri ikiwa inje, mulika mule ndani na torshi ya telefone. Kuko kafuniko ka plastiki, ukikatoa unaona elisi ya pompi, kale kenye kuzunguka kusukuma maji. Vaa ganti, bipande bya glasi bilivunjikaka bikajificha palepale. Kwetu ilikuwa kajiti ka kuchokora meno, kamoja tu, kamesimama kati ya elisi na ukuta wake, na ju ya kale kajiti tulikuwa karibu kulipa pompi muzima! Zungusha elisi na kidole, itaenda kwa kurukaruka, inakwama inaachia, usiogope, ni sumaku inaivuta.

Masikio nayo inasaidia. Pompi ikinguruma na maji haisogee, kuna kitu kimekamata elisi. Ikiwa kimya kabisa, ni pompi ao waya, pale sasa ita fundi. Ikilia muzuri na maji haitoke, fata tuyo. Kama mashini ni Bosch na inaandika E24, ni tuyo imekunjika ao imeziba, E25 ni pompi imeziba.

Tuyo mara mingi imekunjika nyuma, mutu alisukuma mashini ku ukuta akifagia. Isipande zaidi ya metre moja hivi toka chini, pompi itachoka, na isilale chini yote, maji chafu ya evie itarudia ndani. Angalia pia fasi inaingia mu sifoni, ile tuyo ya kupinda chini ya evie, mafuta inagandaka pale, na kama sifoni ni mupya labda hawajatoboa kale kafuniko kanazibaka fasi tuyo inaingia.

Tena sabuni. Tableti zikiisha mutu anamwanga ile sabuni ya maji ya kuosha na mikono, povu inajaa, pompi inavuta hewa tu. Chota, tia maji baridi, rudilia mara mbili tatu. Na ile dawa kali ya kuzibua choo usiimwange mule, italamba kaucu na kisha mukono ya ule atafungua.

Rudisha kafuniko, rudisha filtri mupaka ikamate, mwanga maji litre mbili, rudisha fishi, finya tena segonde tatu. Yetu ilikohoa kidogo kisha tukasikia maji inateremuka mu evie, yaya akaenda moja kwa moja kutafuta ile boite ya bijiti bya meno, akaifungia mu kabati.